Mabinti Waogopa Macho ya Jirani

BINTI wa Makole au Chang'ombe, mjini Dodoma, anapowaza kwenda kupima magonjwa ya zinaa, si sindano inayomtisha. Humtisha benchi la kungojea. Hapo huenda ameketi shoga wa mama yake, na habari itamtangulia kufika nyumbani. Basi huahirisha. Wapo wanaopanda daladala hadi zahanati ya mtaa wa mbali, wasikojulikana.

Kwa ukimwi, mambo yamebadilika. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipima hadharani Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mwaka 2019 Bunge, likiketi papa hapa Dodoma, lilirekebisha sheria ili kijana wa miaka 15 aweze kupima ukimwi bila idhini ya mzazi, na mtu aruhusiwe kujipima mwenyewe. Lakini kaswende, kisonono na klamidia bado hutajwa kwa kunong'ona.

Kosa kubwa ni kungojea dalili. Mwanamume mwenye kisonono kwa kawaida hutokwa usaha na huungua akikojoa. Mwanamke mara nyingi haoni kitu. Klamidia ndiyo hodari zaidi wa kujificha. Vijidudu hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu, na miaka kadhaa baadaye binti yule yule, sasa mke wa mtu, huitwa tasa na mawifi.

Kaswende nayo humfikia mtoto tumboni. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, miongoni mwa akina mama ambao hawakupimwa, kiasi cha nusu ya watoto waliozaliwa wafu walitokana na kaswende ya mama. Ilhali kipimo chake ni damu kidogo tu, na ugonjwa ungali mchanga hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba wasichana wengi hupimwa kaswende kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wajawazito. Huko kliniki huulizwa pia: mwenzako yuko wapi? Swali hilo ni la haki, maana akitibiwa mmoja, mwenzake atamwambukiza tena. Lakini anayelijibu huku ameinamisha kichwa ni binti. Kijana mwenyewe yuko kijiweni, na hakuna jirani anayemtazama.