Uvimbe wa Mafuta na Picha za Hospitalini: Somo kwa Wakalimani

Katika makala haya tunaeleza jinsi madaktari wanavyotumia picha kuutambua uvimbe wa mafuta, ambao kitaalamu huitwa lipoma. Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu vipi walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba hapa Kampala wamo wagonjwa, hasa waliotoka mashariki ya Kongo, ambao hujieleza kwa daktari kwa Kiswahili. Mwanafunzi wetu anaweza kuombwa wakati wowote awe mkalimani wao. Neno moja likitumiwa ovyo, mgonjwa hurudi nyumbani na hofu isiyo na sababu, au hupuuza jambo la hatari.

Tuanze na jina. Nomino uvimbe imetokana na kitenzi vimba. Hutaja goti lililoumia mpirani, na hutaja pia seli zilizozaliana kupita kiasi. Kwa hiyo halitoshi peke yake. Lazima lifuatwe na maelezo. Lipoma ni mkusanyiko wa seli za mafuta, mara nyingi chini ya ngozi ya mgongo, bega, shingo au mkono. Si saratani, yaani kansa: haisambai mwilini. Aidha, neno mafuta lisimfanye mgonjwa adhani ameupata kwa kula vyakula vya mafuta. Hata watu wembamba huupata, na kupunguza uzito hakuuondoi.

Sasa tutazame vipimo. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mifupa vizuri, lakini lipoma huonekana kama kivuli hafifu, au haionekani kabisa. Kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, kipimo cha kwanza kwa kawaida ni ultrasaundi. Mashine hutuma mawimbi ya sauti mwilini na kuchora picha kutokana na mwangwi unaorudi. Lipoma huonekana kama yai lililolala sambamba na ngozi, lenye mistari myembamba ndani yake.

Siti skani hutumia miale ya eksirei kutoka pande nyingi. Kwa kazi hiyo Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kipimo hiki hutoa namba: maji ni 0, hewa ni -1000, na mafuta huwa kati ya -50 na -150 hivi. MRI nayo hutumia sumaku yenye nguvu. Katika baadhi ya picha zake mafuta hung'aa. Mng'ao huo ukizimwa makusudi, lipoma hufifia pamoja na mafuta mengine ya mwili. Hapo daktari hupata ushahidi kwamba uvimbe ni wa mafuta.

Hata hivyo, picha haimalizi kila shaka. Ipo saratani ya mafuta iitwayo liposakoma. Uvimbe unaozidi sentimita 5, ulio ndani ya misuli, unaokua haraka, au wenye sehemu zisizo za mafuta huhitaji uchunguzi zaidi. Pengine hukatwa kipande kidogo kikapimwa maabara.

Hapa ndipo sarufi inapogusa maisha ya mtu. Daktari akisema uvimbe "unafanana na lipoma", mkalimani asiseme "ni lipoma". Kauli ya kwanza inamtaka mgonjwa arudi kwa vipimo. Ya pili inamruhusu akae nyumbani. Vivyo hivyo, "hatujaona dalili ya saratani" si sawa na "huna saratani".

Tunawaachia wanafunzi zoezi: andikeni sentensi tano za daktari zenye viwango tofauti vya uhakika, kisha mwenzako azieleze kwa Kiswahili chepesi bila kuongeza wala kupunguza shaka iliyomo.