Sukari hushuka baada ya upasuaji, lakini kliniki haiishi

Mkazi wa Lokichar anayetaka upasuaji wa kupunguza uzani hulazimika kusafiri mbali, mara nyingi hadi Nairobi. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache tu. Ufuatiliaji ni wa maisha yote, na mwingi wake hufanyika huku nyumbani.

Huenda mtu akauliza upasuaji huu una uhusiano gani na jamii ya wafugaji. Utafiti ulioongozwa na Amanda Lea na Julien Ayroles, na kuchapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Science Advances, ulipima afya ya Waturkana zaidi ya 1,200. Walioacha ufugaji lakini wakabaki vijijini hawakutofautiana sana na wafugaji. Walioishi mijini walikuwa na hali mbaya zaidi katika vipimo vingi vya uzani na afya ya moyo, na waliozaliwa mjini walikuwa hatarini zaidi. Lokichar nayo inazidi kuwa mji tangu mafuta yagunduliwe mwaka wa 2012.

Katika upasuaji huu, daktari hupunguza mfuko wa chakula tumboni, au huuunganisha na sehemu ya chini ya utumbo ili chakula kiruke sehemu ya juu. Mgonjwa hushiba haraka. Pia homoni za utumbo hubadilika, insulini hufanya kazi vizuri zaidi, na sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla uzani haujapungua sana. Presha na mafuta ya damu pia huelekea kuwa afadhali.

Hapo ndipo wengine hujiona wamepona na kutupa dawa. Ni hatari. Nchini Uswidi, wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa upasuaji walifuatiliwa kwa miaka mingi. Baada ya miaka 2, asilimia 72 hawakuwa tena na kisukari. Baada ya miaka 10, ni asilimia 36 pekee. Ugonjwa hurudi kimyakimya. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya kupima, si na mgonjwa kwa sababu anajisikia vyema.

Chai yenye sukari nyingi, ambayo hapa ni kinywaji cha kila siku, huweza kumletea aliyefanyiwa upasuaji jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kuhara. Pombe nayo humlevya upesi kuliko zamani. Mwili pia hufyonza kwa shida vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu. Maziwa na nyama husaidia, lakini hata mwenye kundi kubwa la ng'ombe na mbuzi bado atahitaji vidonge vya vitamini maishani na kupimwa damu kila mwaka. Mama anayepanga kushika mimba hushauriwa kusubiri mwaka mmoja au zaidi.

Si kila mwenye kisukari anahitaji kisu, na si kila mwenye kisukari ni mnene. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula, au presha ya 140 kwa 90, inatosha kumfikisha mtu kliniki. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kazi mwaka wa 2023, wanaweza kupima sukari na presha nyumbani. Aliyefanyiwa upasuaji aje kituoni na karatasi zake za hospitali, zikionyesha aina ya upasuaji na dawa alizopewa.