Kichwa cha WALL-E kilidondoka Mbezi

Kichwa kilidondoka tukiwa kituoni Mbezi, tunasubiri gari la Kibaha. Tangu Kisarawe mwanangu wa darasa la nne alikuwa amelipakata roboti lake kama aliyebeba mayai, kisha kwenye msukumano wa kugombea siti mtu akampiga kikumbo. Hakulia. Aliokota kichwa, akakitumbukiza kwenye begi la shule na kusema, "Mama, tulitupe tu. Hata halifanani."

Mzazi ambaye watoto wake wameangalia filamu ya WALL-E, iliyotoka 2008, analijua hilo roboti: kasanduku kenye macho makubwa, kamebaki peke yake duniani kakikandamiza takataka kuwa matofali. Wangu aliiona kwenye simu yangu wakati wa likizo, akairudia mpaka bando likaisha, kisha akaja na ombi. Anataka WALL-E wa LEGO.

Huyo yupo kweli. Alitoka 2015, ana vipande 677, na aliyembuni, Angus MacLane, ni mmoja wa waliofanya kazi kwenye filamu yenyewe. Ila bei yake si ya mfuko wangu, nami nikamwambia hivyo hivyo. Sikusema "tutaona". Watoto wanaielewa "tutaona" kuliko tunavyodhani.

Nikampeleka Kisarawe kwa mjomba wake, ambaye ni seremala. Hilo si jambo la ajabu: aliyeanzisha LEGO, Ole Kirk Kristiansen, naye alikuwa seremala, huko Billund nchini Denmark (moja ya nchi za Nordic zilizotujengea kile tunachokiita leo Shirika la Elimu Kibaha). Alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Tofali la plastiki lenye vinundu tunalolijua sasa lilisajiliwa 1958.

Mjomba alikusanya mabaki ya mbao, akakata vitofali vya sentimita mbili kila upande, akampa kijana msasa. Lakini kujenga hakumruhusu. Kwanza walisimamisha filamu pale roboti linapotazama mbele, wakaweka rula juu ya kioo cha simu. Kiwiliwili kilikuwa sentimita tatu. Kwenye mbao wakakipa vitofali sita, yaani sentimita 12. Basi kila walichopima kwenye simu kilizidishwa mara nne: kichwa, mikono, hata nafasi kati ya jicho na jicho. Mtoto ambaye kuzidisha nyumbani ni ugomvi alijaza ukurasa mzima wa daftari bila kuambiwa.

Macho ndiyo yaliyomla muda. Mwongozaji wa filamu, Andrew Stanton, aliyapata akiwa uwanjani anaangalia mchezo, akaazima darubini na kuanza kuichezea. WALL-E hana nyusi, karibu hana na mdomo. Huzuni yake yote iko kwenye mlalo wa ile darubini. Mwanangu alikata vipande viwili vya bomba la maji, akaviweka sawasawa, vikawa tochi mbili. Alipovishusha kidogo kwa pembeni, mjomba aliacha randa akaja kutazama.

Shida ikawa shingo. Kwenye filamu ni nyembamba, na kichwa ni kizito. Mjomba alitaka kuweka kipande kinene, kijana akakataa katakata: "WALL-E hana shingo hiyo, mjomba." Wakaweka kijiti na gundi. Kijiti hicho ndicho kilichovunjika Mbezi.

Ndani ya gari nilimwambia nilichokuwa nimekisoma: WALL-E wa kwanza kutoka kiwandani naye shingo yake haikuhimili kichwa. Kilikuwa kinaegemea upande. LEGO wakalazimika kuibuni upya shingo hiyo, wakawatumia vipande vya kurekebishia watu waliokuwa wameshanunua. Alinyamaza mpaka tulipopita Kiluvya.

"Waliongeza nini?"

"Vipande vya kuishika ubavuni."

Tulipofika nyumbani, Picha ya Ndege, alilala bila kuligusa. Asubuhi nilimkuta ameshika spoku ya baiskeli. Kutoboa nilifanya mimi, kwa msumari wa moto. Kazi hiyo msiwaachie, na vipande vidogo viwe mbali na wadogo zao wanaotia kila kitu mdomoni. Spoku inapita katikati ya shingo, inazama ndani ya kiwiliwili karibu mpaka chini. Kwa nje shingo ni nyembamba vilevile. Uzito wa kichwa sasa umebebwa na sanduku zima.

Limesimama juu ya friji wiki ya pili hii. Jumamosi anataka turudi Kisarawe. Anasema mikono imezidi nusu sentimita, na amepima mara mbili.