Shabiki Anasubiri Nini Hasa?

Oktoba 2021 Alikiba alitoa Only One King, albamu yake ya tatu. Ya kwanza, Cinderella, ilitoka 2007, na ya pili, Ali K 4Real, 2009. Mashabiki wake walikaa miaka 12 bila albamu, lakini hawakukosa nyimbo. Hapo katikati walipata Mwana mwaka 2014, Aje mwaka 2016 na Seduce Me mwaka 2017, mbali na nyingine zilizopigwa kwenye daladala, harusini na kwenye simu zao wenyewe. Mtu aliyepewa vyote hivyo angeweza kuridhika. Mbona basi swali la albamu lini halikuisha?

Kwa maoni yangu, anayesubiri albamu hasubiri nyimbo. Anasubiri kumjua msanii wake kwa upana. Wimbo unaotolewa peke yake hutengenezwa ili ushike watu mapema: kiitikio kiwahi, mdundo uchezeke, redio isiukatae. Albamu ina nafasi ya wimbo wa polepole, wa mzazi, wa dua, wa majuto, ambao usingeweza kujitegemea sokoni. Enzi za kanda jambo hili halikuhitaji kuelezwa. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, mwenye kanda hakuwa na kitufe cha kuruka wimbo. Aliyetaka kurudia alioupenda alirudisha nyuma kwa kubahatisha, au alichomeka kalamu kwenye tundu la kanda na kuizungusha kwa mkono ili kuokoa betri. Kwa hiyo aliiacha icheze, na wimbo wa nne wa upande B ukapata wasikilizaji ambao leo usingewapata. Wapo wasanii ambao hadi sasa wanapigania nyimbo zao zisikilizwe kwa mpangilio wa albamu. Adele alipotoa 30 mwezi Novemba 2021, aliomba Spotify iache kuzichanganya nyimbo za albamu ovyo pale msikilizaji anapobonyeza kucheza, nao wakakubali.

Yupo atakayesema hamu hii hupikwa na mameneja tu: leo jalada, kesho orodha ya nyimbo, keshokutwa kionjo cha sekunde chache. Ni kweli wanaichochea, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Lakini hakuna kionjo kinachoweza kumshikilia mtu miaka 12. Meneja huikuta hamu ipo, akaikuza wiki za mwisho.

Pingamizi zito ni la pesa. Msanii wa Bongo Fleva anaishi kwa shoo, na shoo hufuata wimbo unaovuma sasa hivi. Akijifungia studio miaka miwili, mwingine anashika nafasi yake. Msikilizaji naye anahesabu bando. Ndiyo maana albamu nyingi siku hizi hutoka zikiwa zimejaa nyimbo ambazo watu wamekwisha kuzikariri. A Boy from Tandale ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2018, ilibeba remix ya Number One aliyoimba na Davido, iliyovuma tangu 2014, pamoja na Marry You ya 2017 aliyomshirikisha Ne-Yo. Simlaumu, kwa sababu msikilizaji wa nje aliyekuwa anamfahamu kwa mara ya kwanza alihitaji kuzikuta zote mahali pamoja. Ila shabiki wa nyumbani Tandale, mtaa aliokulia Diamond, aliyekuwa naye tangu mwanzo, alipewa kama kipya kitu alichokuwa nacho miaka minne. Only One King nayo ilitanguliwa na Ndombolo, Jealous na Salute, lakini ilikuwa na nyimbo 16, na nyingi kati ya hizo zilibaki za kugunduliwa siku yenyewe. Tofauti iko hapo, na naamini inawezekana kuilinda bila msanii kulala njaa.

Nyimbo mbili tatu za kuonjesha zinatosha kuleta shoo na kuamsha watu. Nyingine wasanii wetu wazifungie ndani hadi siku ya kutoka, hata kama kila wiki wanasukumwa waachie moja. Nawe shabiki uliyesubiri, albamu ikitoka ianzie wimbo wa kwanza, uifuate kama ilivyopangwa mpaka wa mwisho, walau mara moja, ndipo uandike mtandaoni kwamba ni kali au mbovu.