Je, Wajua? Kipimo cha Maswali 567 na Mama wa Kalembe

Je, wajua kwamba MMPI, mojawapo ya vipimo vya tabia vinavyotumiwa sana kwa wagonjwa wa akili duniani, kilitungwa kwa kuwalinganisha wagonjwa na watu waliofika hospitalini kutazama jamaa zao? Mwanasaikolojia Starke Hathaway na daktari J. C. McKinley wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walikitoa mwaka 1943. Wageni hao wa hospitali ya Minneapolis ndio waliohesabiwa kuwa wazima. Toleo la 1989 lina sentensi 567 za kujibiwa "kweli" au "si kweli", na wastani wake ulitokana na Wamarekani 2,600.

Ufundi wake mkubwa ni mtego uliofichwa ndani. Sentensi 60 kati ya hizo hufanya mizani iitwayo F: ni mambo ambayo, kati ya wale wazima wa Minneapolis, hayakukubaliwa hata na 1 kati ya 10. Anayeyakubali mengi hushukiwa kwamba hakuelewa, anajibu ovyo, anatia chumvi au ameugua vibaya.

Sasa mfikirie mama wa Kalembe, mashariki mwa Congo, mpakani mwa Masisi na Walikale, kwenye njia ya Kitshanga kwenda Pinga. Oktoba 2024 waasi wa M23 waliuteka mji huo, na raia wakakimbia tena. Muulize kama wapo watu wanaotaka kumdhuru. Kweli. Kama hushtuka usingizini. Kweli. Kama haamini mtu asiyemjua. Kweli. Anasimulia aliyoyaona, na tahadhari hiyo ndiyo iliyowaokoa wanawe. Lakini kwa jedwali la Marekani, maswali ya aina hiyo yatampa alama za mtu anayejidhania kuandamwa, au za mwongo. Hesabu ni sahihi. Ila watu anaolinganishwa nao si wa kwake.

Kuna tatizo lingine, nalo halina mipaka ya nchi. Mwenye sonona hujieleza kuwa mwoga na asiyefaa tangu zamani. Akitibiwa, majibu hubadilika. Kumpima tabia akiwa katikati ya maradhi ni kuuandika ugonjwa kana kwamba ndiyo nafsi yake.

Kazi nzuri inawezekana. Mwaka 2010 Cindy Mels na wenzake walichapisha utafiti wa kuhakiki madodoso mawili kwa vijana wa mashariki mwa Congo, wakiwashirikisha wenyeji kuyarekebisha. Lakini madodoso hayo huuliza dalili, kama vile ndoto mbaya na huzuni, wala hayadai kujua mtu ni wa namna gani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanzia.

Basi muuguzi wa Kalembe, ukiletewa kipimo cha tabia kilichotafsiriwa tu, uliza kwanza kimejaribiwa kwa watu gani. Usipopata jibu, usiziandike alama zake kwenye karatasi ya mgonjwa.