Chanjo si ya watoto pekee, wazee nao huihitaji

MAMA anapojifungua nchini hukabidhiwa kijitabu cha kliniki ambamo muuguzi huandika tarehe ya kila chanjo ambayo mtoto amepata. Akikosa kufika siku aliyopangiwa, huulizwa sababu. Lakini muulize babu aliyetimu miaka 70 alidungwa chanjo lini mara ya mwisho. Aghalabu atakujibu kuwa ilikuwa mwaka 2021, wakati wa janga la Covid-19, serikali ilipowataka waliotimu miaka 58 na zaidi wajitokeze. Kabla ya hapo hakumbuki chochote.

Hali hii ina sababu zake. Mpango wa kitaifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1980, nao ulilenga watoto wachanga. Mkenya aliyezaliwa kabla ya mwaka huo huenda hakukamilisha chanjo ambazo wajukuu wake huzipata bila bughudha. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa watu wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Hao ni wengi mno kuachwa nje ya hesabu.

Kinga ya mwili hudhoofika kadiri umri unavyosonga. Chembe zinazopambana na viini hupungua nguvu, na zile zilizobaki huchelewa kumtambua adui. Juu ya hayo, wazee wengi wana kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya figo, na maradhi hayo huupa ugonjwa mwingine upenyo. Jambo linalowapotosha jamaa zao ni kwamba mzee anaweza kuwa na homa ya mapafu, ambayo wengi huiita nimonia, bila mwili wake kuwa na joto. Badala yake hukataa chakula, hulala kupita kiasi, huanguka, au huanza kuchanganyikiwa na kusahau majina ya wanawe. Nyumbani watu husema ni uzee tu, na siku mbili tatu za thamani hupotea.

Tuanze na pepopunda, kwa kuwa ndio ugonjwa unaosahaulika zaidi. Viini vyake huishi udongoni na katika kinyesi cha mifugo, na huingia mwilini kupitia jeraha, hata dogo la mwiba au jembe. Haumwambukizi mtu kutoka kwa mwenzake. Kwa hivyo mtu hawezi kujificha nyuma ya kinga ya majirani waliochanjwa. Wanawake wengi wa umri mkubwa walidungwa walipokuwa waja wazito. Wanaume hawakupata fursa hiyo. Hata kampeni iliyozusha mzozo kati ya maaskofu wa Kanisa Katoliki na Wizara ya Afya mwaka 2014 ilihusu wanawake wa miaka 15 hadi 49. Katika kelele zote zile, sikumbuki mtu akiuliza kuhusu mzee anayelima shamba lake pekupeku kila msimu.

Mtu mzima ambaye hakuwahi kuchanjwa huanza na dozi ya kwanza, hupata ya pili baada ya wiki nne hivi, na ya tatu baada ya miezi sita au zaidi, kisha hupewa nyingine za kuimarisha kinga. Siku hizi chanjo hii huchanganywa na ya dondakoo. Anayepata jeraha lenye uchafu asingoje taya lianze kukaza. Na aende hospitalini siku hiyo hiyo, jeraha lisafishwe na aulizwe kuhusu chanjo.

Mafua makali nayo hudharauliwa kwa sababu ya jina lake. Virusi vya influenza si sawa na mafua ya kawaida yanayokwisha kwa chai ya tangawizi. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2018 ulibaini kuwa katika siku saba baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na influenza, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo huongezeka takriban mara sita. Kwa mzee ambaye tayari anameza dawa za moyo, basi, chanjo ya mafua ni sehemu ya kuulinda moyo huo. Virusi hivi hubadilika kila mara, hivyo chanjo hutolewa upya kila mwaka, na mwili huchukua wiki mbili hivi kujenga kinga. Dai kwamba sindano hiyo humletea mtu mafua halina msingi, kwani virusi vilivyomo vimeuawa. Maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja au mbili ni kawaida.

Kuhusu nimonia, Kenya ina habari njema inayostahili kujulikana zaidi. Chanjo ya bakteria wa pneumococcus ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2011. Watafiti waliofuatilia hali katika Kaunti ya Kilifi walichapisha matokeo yao mwaka 2019. Maambukizi makali ya aina za bakteria zinazolengwa na chanjo yalipungua sana miongoni mwa watoto, na yakapungua pia miongoni mwa watu wazima ambao hawakuwa wamechanjwa. Yaani, kumpeleka mjukuu kliniki kunamkinga nyanya anayembeba. Hata hivyo, ziko chanjo za watu wazima wenyewe. Uholanzi ilifanya majaribio yaliyohusisha wazee wapatao 85,000 wa miaka 65 na zaidi. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, na yalionyesha kuwa chanjo ilipunguza kwa takriban asilimia 45 nimonia inayosababishwa na aina za bakteria zilizolengwa. Si kinga kamili, lakini ni nusu ya mzigo karibu.

Sasa tuje kwenye mkanda wa jeshi. Ugonjwa huu hutokana na virusi vile vile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, virusi havitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa miongo mingi, vikisubiri kinga ilegee. Kisha huzuka kama malengelenge yanayozunguka upande mmoja wa kiuno, kifua au uso, yakiwa na maumivu ya kuunguza. Miaka ambayo Ukimwi ulienea, vijana wengi waliokuwa na virusi vya HIV walipata mkanda wa jeshi, na watu wakaanza kuuona kama tangazo la ugonjwa huo. Fikra hiyo haijafutika. Ajuza wa miaka 75 akitokwa na malengelenge hayo huyafunika kwa leso, akihofia minong'ono ya wakaza wanawe, ilhali umri wake pekee unatosha kuwa sababu. Kupimwa HIV ni jambo jema katika umri wowote, lakini aibu isimzuie mtu kutibiwa.

Na hapa muda una thamani kubwa. Dawa za kupambana na virusi hivyo hufanya kazi vyema zikianza kumezwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Yakiwa karibu na jicho, asichelewe hata siku moja, kwani anaweza kupofuka. Akikawia, maumivu huweza kubaki kwa miezi au miaka baada ya ngozi kupona, kiasi kwamba hata kuguswa na nguo ni adhabu.

Chanjo ipo. Ile ya kisasa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa watu wa miaka 50 na zaidi, hutolewa mara mbili na katika majaribio ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya visa. Utafiti mwingine, uliofanywa Wales na kuchapishwa mwaka 2025, ulionyesha kuwa waliopewa chanjo ya zamani ya ugonjwa huu walipungukiwa na uwezekano wa kupatwa na maradhi ya kusahau kwa takriban moja kwa tano. Sayansi bado inachunguza ni kwa nini.

Kikwazo ni pesa. Ratiba ya taifa inahusu zaidi watoto, wasichana na waja wazito, na mzee anayetaka chanjo ya mafua au nimonia kwa kawaida hulazimika kujilipia. Fedha za Inua Jamii zilipoanza kutolewa kwa wote waliotimu miaka 70 mwaka 2018 zilikuwa Sh2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi unga na dawa za presha, sembuse sindano. Familia inayochangiana kwa ajili ya matanga ingeweza kuchangia hili mapema.

Tahadhari moja: chanjo ya homa ya manjano, inayohitajika kwa safari kadhaa, ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na hatari ya madhara makubwa huongezeka kwa waliopita miaka 60. Mahujaji na wasafiri wengine wa umri huo wazungumze na daktari kwanza, wakieleza dawa zote wanazotumia. Aliyewahi kudungwa naye atafute cheti chake cha zamani kabla ya kukubali sindano nyingine, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote.