Matembezi ya hisani: Andaeni miguu kabla ya fulana

Kikundi kinapoamua kutembea kutoka Kaliua hadi Urambo, au kuendelea hadi Tabora mjini, ili kuchangia jengo la wazazi, madawati au matibabu ya watoto, kazi ya kwanza huwa kutafuta wafadhili na kuchapisha fulana. Mazoezi huachiwa kila mtu ayafanye kwa wakati wake. Matokeo yake huonekana njiani jua likishapanda: mmoja anachechemea kwa malengelenge, mwingine ana kizunguzungu, na wa tatu anaona aibu kupanda gari kwa sababu picha yake iko kwenye bango.

Matembezi ya kuchangia afya yasiwe chanzo cha kuharibu afya. Kutoka Kaliua hadi Urambo ni zaidi ya kilometa 30, na hadi Tabora mjini ni zaidi ya 110. Umbali huo si wa kubahatisha.

Wazee wa njia hii walijua

Nchi hii ilipitiwa na misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kwa majuma mengi, na walikuwa na taratibu zao. Kirangozi alitangulia na kupanga mwendo. Safari ilianza alfajiri, na kambi ikapigwa kabla jua halijawa kali.

Asiyetunza miguu hakufika. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa amekwama huko Manyema mwaka 1870 kwa zaidi ya miezi miwili, kwa sababu ya vidonda vya miguu tu.

Katika historia ya karibu, Mwalimu Julius Nyerere alitembea zaidi ya kilometa 200 kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka 1967, kuunga mkono Azimio la Arusha. Aligawa safari hiyo kwa siku kadhaa. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alifariki dunia akiwa katika matembezi ya kuunga mkono Azimio hilo. Nia njema haiondoi hatari ya safari ndefu.

Nani apimwe kwanza

Kabla ya mazoezi kuanza, kila mshiriki apime shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, selimundu, maradhi ya moyo au figo, pamoja na wajawazito, wazungumze na daktari kwanza. Si lazima wazuiwe. Wengine watashauriwa kutembea sehemu tu ya njia, na wengine watabadilishiwa muda wa kumeza dawa.

Mgonjwa wa kisukari anahitaji uangalizi wa pekee. Kutembea kwa saa nyingi hushusha sukari, hivyo abebe kitu kitamu na awe na mwenzake anayejua hali yake. Pia ganzi ya miguu humfanya asisikie kidonda kinapoanza, kwa hiyo akague nyayo zake kila mnapopumzika.

Majuma 12 ya mazoezi

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayefikia kiwango hicho ana msingi mzuri, lakini bado hajawa tayari kwa kilometa 30 kwa siku moja.

Kwa safari ya Kaliua hadi Urambo, tengeni majuma 12. Siku tatu katikati ya juma tembeeni kilometa 4 hadi 6 kwa mwendo wa haraka. Siku moja, labda Jumamosi, iwe ya mwendo mrefu wa pamoja. Anzeni na kilometa 8, kisha 10, kisha 12. Juma la nne punguzeni hadi 9 ili mwili upone. Endeleeni na 14, 17 na 20, punguzeni tena hadi 15, kisha nendeni 23 na 25. Juma la mwisho kabla ya safari tembeeni kilometa 12 tu. Hakuna haja ya kumaliza umbali wote katika mazoezi.

Mkulima anayeshinda kwenye shamba la tumbaku anaweza kudhani haya hayamhusu. Ana nguvu, ni kweli, lakini kulima na kutembea saa saba mfululizo kwenye barabara ngumu havichoshi misuli ileile.

Wanaokusudia kufika Tabora mjini wagawe safari kwa siku nne au tano. Katika mazoezi wazoee pia kutembea siku mbili mfululizo, kwa sababu ugumu hasa ni kuamka siku ya pili na miguu iliyokaza.

Viatu, soksi na malengelenge

Malengelenge huletwa na msuguano, joto na unyevu. Kiatu kipya cha siku ya safari ni adui. Nunua mapema, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na kibakize nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Uwe umekitembelea katika mazoezi mengi kabla ya safari. Soksi za pamba hushika jasho, hivyo tafuta za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, na ubebe jozi ya kubadili. Kata kucha siku mbili tatu kabla, na paka mafuta mazito sehemu zinazosuguana.

Ukisikia sehemu inachoma, simama hapohapo uibandike plasta. Lengelenge dogo lisiloumiza liache. Likiwa kubwa na linauma, mhudumu alisafishe, alitoboe pembeni kwa sindano safi na kulifunika bila kubandua ngozi. Mwenye kisukari asitoboe mwenyewe.

Maji: kidogo ni hatari, mengi pia

Septemba na Oktoba joto la Tabora hupita nyuzi 30. Anzeni saa 11 alfajiri. Kwa mwendo wa kilometa 4 hadi 5 kwa saa, pamoja na mapumziko, mtafika Urambo saa 7 mchana hivi.

Kunywa kwa kufuata kiu, mafunda machache kila mara. Wengi hutosheka na nusu lita hivi kwa saa. Kujilazimisha kunywa kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu, na hali hiyo inaweza kuua. Utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji 488 wa mbio za Boston za mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 kati yao wakiwa na tatizo hilo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuvimba vidole na kuchanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo usimwongezee maji. Mpelekeni hospitali.

Joto likimzidi mtu hadi akaanza kuongea ovyo, kuyumba au kuzirai, ni dharura. Mwekeni kivulini, mpunguzieni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea huku mkitafuta gari. Msisubiri kufika hospitali ndipo mumpooze.

Kwa chakula, hakuna haja ya vitu vya dukani. Ndizi, viazi vitamu, matobolwa, karanga zenye chumvi na asali ya Tabora vinatosha. Kuleni kidogo kila baada ya saa moja na nusu. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni msimeze ili kujikaza, kwani mwili ukipungukiwa maji zinaweza kuumiza figo.

Malaria na mbung'o

Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Mnaolala njiani bebeni vyandarua vyenye dawa. Mwenye homa asitembee. Apime kwanza.

Misitu ya miombo ya Kaliua na Urambo ina mbung'o, na ugonjwa wa malale umewahi kuripotiwa huku. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hivyo fulana za matembezi ziwe za rangi nyingine, na mikono mirefu ni bora. Homa au kidonda cha kuumwa kikitokea baada ya safari, mweleze daktari ulikopita.

Timu itembee kama timu

Mwendo uwe wa yule wa polepole. Teueni kirangozi wa mbele na mtu wa mwisho ambaye hapitwi na yeyote, kisha hesabuni watu kila mnapopumzika. Toeni taarifa polisi na kwenye kituo cha afya cha njiani. Vaeni vizibao vinavyoakisi mwanga. Mkiwa hamna ulinzi wa polisi, tembeeni kwa mstari upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja.

Muhimu kuliko yote, kubalianeni kabla ya siku yenyewe kwamba mhudumu wa afya akisema fulani apande gari, hakuna mjadala. Mweleweshe mfadhili pia kwamba mchango ni wa timu, usifutwe kwa sababu mtu mmoja ameishia kilometa ya 20. Mtu akijua hapotezi heshima wala fedha za watoto kwa kusimama, atasema mapema kwamba kifua kinambana. Hapo bado kuna muda wa kumsaidia.